Uzito wa Kapu

Mtaani walimwita Bwana Gramu, naye hakulikataa jina hilo kwa sababu halikumsingizia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akitengeneza mizani za watu: za wauza nyama, za kliniki za watoto wachanga, za maghala ya nafaka, na zile kubwa za jukwaa zinazopimia magunia. Kila alipomaliza kazi alipitisha waya mwembamba kwenye skrubu ya kurekebishia, akaubana kwa kipande kidogo cha risasi chenye alama yake, na kuanzia hapo mizani ile ilikuwa imekula kiapo. Walikuwapo wenye maduka waliomnong'oneza ailegeze kidogo upande wao. Aliwapa kisogo, akakusanya vifaa vyake, akaondoka bila kuaga.

Mkewe naye alikuwa na jina lake. Aliendesha pikipiki ya kampuni ya vifurushi, mwaka wa kumi na moja sasa, na hakuna aliyepata kukabidhiwa naye kifurushi chake bila kuweka saini, hata awe anaoga. Basi wakamwita Mama Saini.

Mashindano ya pikipiki za umeme yalifanyika mara moja kwa mwaka, katika kiwanja cha zamani cha kujifunzia udereva pembezoni mwa mji, na ndani yake lilikuwamo kundi moja lililomkosesha Mama Saini raha: kundi la waliojiundia. Masharti yake yalikuwa kwenye karatasi aliyoibandika juu ya jiko, mahali ambapo mumewe asingeweza kuchemsha maji bila kuisoma. Chombo kiwe kimeundwa nyumbani na watu wa nyumba hiyo. Chombo kisizidi kilo sitini. Mwendeshaji awe hajatimiza miaka arobaini na mitano.

Wiki tatu baada ya mashindano ya mwaka huo, Mama Saini angeitimiza.

"Mwaka ujao nitakuwa mtazamaji," alimwambia mumewe. "Nitakaa kwenye benchi na kofia ya jua, nikiwapigia watu makofi. Unanisikia, Fundi? Ni mwaka huu au basi."

"Nakusikia."

"Kusikia si jibu."

"Basi naanza kesho."

"Kwa nini kesho? Leo Jumamosi, saa tatu asubuhi, na mikono unayo."

Akaanza siku ile ile.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na katika sebule hiyo aliishi mtu wa tatu: mama yake Mama Saini, aliyekuwa mshona viti vya magari hadi macho yake yalipoanza kumgomea. Cherehani yake nzito ilikaa chini ya dirisha, na hakukuwa na mazungumzo juu ya kuihamisha. Bwana Gramu aliweka meza yake ya kazi ukuta wa pili. Kwa miezi saba fremu ile ilikua katikati yao kama mgeni aliyekuja kwa chai akahamia.

Haikuwa kazi rahisi kwa mkwe mwenye adabu zake. Bwana Gramu alisoma shule ya bweni ambako kengele iligongwa saa kumi na moja alfajiri na shuka likikunjwa vibaya lilikunjwa tena mbele ya wenzako. Alijua kukaa wima, kusema polepole, na kutotamka neno chafu mbele ya mzazi. Kwa hiyo bomba la fremu lilipomponyoka likamponda kidole, aliweka chini msumeno, akasema, "Samahani, mama, natoka kidogo," akaenda uani, akalaani alichokuwa nacho cha kulaani, akarudi na uso mkavu.

"Umemaliza, mkwe wangu?" aliuliza mama mkwe bila kuinua kichwa.

"Nimemaliza, mama."

"Maana dirisha liko wazi."

Walikata mabomba membamba ya chuma kwa msumeno wa mkono na kuyachomelea uani. Mota waliifunga katikati, chini ya miguu. Betri ndiyo iliyokula muda: seli mia moja arobaini, kila moja ikipimwa peke yake, iliyolegea ikikataliwa, kisha zikaunganishwa kwa vibati vya nikeli, safu kwa safu, huku Mama Saini akishika kila safu wima kwa vidole vilivyovalishwa glavu za mpira. Mzigo huo ulihitaji mahali pa kukaa. Bwana Gramu akakunja bati nene la alumini, akalitoboa, akalifanya kikapu chenye kingo nne cha kuning'iniza betri ndani ya fremu. Hakuhangaika kukitafutia jina. Alikiita kapu.

Kila kitu kilipimwa. Mizani ya nyumbani ilibeba kilo thelathini tu, kwa hiyo alipima kipande kwa kipande, akaandika kwa chaki ukutani: fremu, mota, kidhibiti, magurudumu, breki, usukani, nyaya, bolti moja moja. Siku moja alimkuta mkewe akipaka gundi kwenye mshiko wa usukani.

"Hiyo ni gramu ngapi?"

"Gundi?"

"Ina uzito."

"Mama!" Mama Saini aligeukia dirishani. "Mkweo ananipimia gundi!"

"Mwache mwanangu, usije ukapiga chafya akaiandika."

Bwana Gramu hakucheka. Alipima chupa ya gundi, akangoja amalize, akaipima tena, akaandika: gundi, gramu sita.

Jumla ilipofika mwisho, chini kabisa ya ukuta karibu na sakafu, ilisomeka kilo hamsini na tisa na gramu mia saba hamsini. Aliipigia mstari mara mbili.

"Hatuipimi yote kwa pamoja?" mkewe aliuliza. "Kazini kwenu kuna ile mizani kubwa."

"Mizani ya kazini ni ya kazi. Sitaiingizia mambo ya nyumbani kwangu."

"Dakika mbili tu, Fundi."

"Nimeshaipima. Iko ukutani pale, haijabaki hata bolti." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefunga jalada, na Mama Saini, aliyemjua, akalifunga.

*

Siku ya mashindano walifika kiwanjani saa tatu na nusu asubuhi, Mama Saini kwenye pikipiki yake ya kazi, mumewe na mama mkwe kwenye gari la jirani lililobeba chombo. Upimaji ungefungwa saa sita kamili. Mbio zingeanza saa nane. Chini ya turubai ilikaa mizani ya jukwaa, na nyuma yake mkaguzi wa mashindano, mtu mzima mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyewahi kujifunza kazi kwa Bwana Gramu miaka miwili na hadi leo akimwita Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama." Akapeana mkono na Mama Saini. "Nimekuwa nikiingoja hii. Iwekeni."

Waliipandisha. Namba nyekundu zikapanda, zikayumba, zikatulia.

Sitini, nukta, sita tano.

Kisha nyuma yao fundi wa magari, jamaa mnene aliyeshinda kundi lile mwaka uliopita na ambaye chombo chake kilishapita, akaachia kicheko kirefu.

"Jamani njooni muone! Bwana Gramu kakamatwa na gramu!"

Watu wakacheka. Bwana Gramu alihisi joto likimpanda shingoni, na kabla hajalipima neno lake likamtoka: "Mizani hiyo ina walakini."

Mkaguzi alikohoa. Akainama, akashika kwa kidole chake waya mwembamba uliopita kwenye skrubu, akakigeuza kipande cha risasi ili alama ionekane. "Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "ni ya kwako. Uliifunga mwenyewe mwezi uliopita."

Bwana Gramu aliinama, akaikagua alama yake. Kisha akaomba mawe ya kupimia. Yakaletwa matatu, ya kilo ishirini ishirini, akayapanga mwenyewe katikati ya jukwaa. Sitini, nukta, sifuri sifuri. Akayasogeza pembeni. Sitini kamili. Akayatoa, akasimama na mikono nyuma kama aliyeitwa mbele ya darasa.

Mizani ilikuwa kweli. Basi uongo ulikuwa ukutani, na ukuta ule aliuandika yeye.

Akaupitia kichwani kuanzia juu: fremu, mota, kidhibiti. Hakuona kosa. Magurudumu. Breki. Akafika kwenye mstari uliosema *betri na kapu lake, 17.40*, na hapo mkono wake wa kulia ukasogea wenyewe hewani, kidole kikabonyeza kitufe kisichokuwapo.

Katika kazi yake, muuzaji akiweka bakuli tupu juu ya mizani, kitu cha kwanza ni kubonyeza ili bakuli lisihesabiwe, mnunuzi asilipie chombo. Mafundi wanaita kutoa kapu. Alikuwa amewafundisha wanafunzi wote kufanya hivyo bila kufikiri. Na siku ile ya kupima betri nyumbani, aliliweka kapu la alumini juu ya mizani, akabonyeza bila kufikiri, akaipakia betri ndani yake, akasoma, akaandika.

"Kapu," alisema.

"Kapu gani?" mkewe akauliza.

"Nililitoa. Nilipopima betri nilitoa kapu. Gramu mia tisa." Alimgeukia, akamtazama machoni, kwa sababu kosa lililoonekana wazi lazima likiriwe wazi. "Kosa ni langu peke yangu. Uliniambia tuipime yote, nikakataa."

Mama Saini alivuta pumzi mpaka mabega yakainuka. "Miezi saba," alisema. "Miezi saba unaniandama na gundi. Gundi, Fundi! Gramu sita! Kumbe kilo nzima kasoro kidogo imelala pale inakucheka."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo!"

Mkaguzi alisogea karibu, akawapa wengine mgongo. "Mwalimu, namba naziandika mimi. Gramu mia sita na kitu kwenye chombo cha kilo sitini, nani atazisikia? Huyu mama hana mwaka mwingine. Sote tunajua."

Bwana Gramu alimtazama mkewe. Alijua anachokitoa, na alijua si chake. Hata hivyo alisema, "Nilikufundisha hivyo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Andika unachokiona."

Kalamu ikaandika: 60.65. Mama Saini aliifuata kwa macho hadi ilipomaliza. Kisha akasema, "Ameandika. Sawa. Lakini daftari usilifunge, kaka, saa sita bado." Akamgeukia mumewe. "Kapu linafanya kazi gani?"

"Linashika betri isitikisike."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Mimi miaka kumi na mmoja nashika mizigo isitikisike, na sina kapu." Tayari alikuwa anatembea kuelekea pikipiki yake ya kazi. Alirudi na mikanda miwili mipana ya nailoni, iliyochakaa rangi lakini si nyuzi, akaitupa mikononi mwa mumewe. "Hii haijawahi kuniangushia hata bahasha. Pima."

Bwana Gramu alikuwa na mizani ndogo ya kuning'iniza mfukoni, kama mwingine anavyokuwa na leso. Akapima mikanda pamoja na vifungo vyake vya chuma, akakata urefu usiohitajika, akapima tena. Gramu mia tatu.

"Itapwaya," alisema. "Mikanda peke yake itateleza kwenye kona. Ingelazimika kushonwa iwe kama wavu, ikumbate fremu pande zote nne."

Wote watatu wakatazama upande mmoja.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, mkoba magotini. Aliufungua, akatoa kibunda cha kitambaa, na ndani ya kibunda sindano nene iliyopinda kama ukucha wa kuku na donge la uzi uliopakwa nta. "Macho yamenigomea," alisema. "Mikono haijasema kitu. Nani atanipitishia uzi?"

"Mimi, mama," Bwana Gramu akasema, akapiga goti kwenye changarawe.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi: mama mkwe kwenye kiti chake akishona kwa kupapasa, mkwe wake amepiga goti akivuta mikanda ikaze, na Mama Saini amelala chali chini ya fremu, akiinua betri kwa mikono miwili na kutweta. Kapu la alumini liling'olewa, bolti kwa bolti, likawekwa kando kama mtu aliyefukuzwa mkutanoni. Watu waliokuwa wakicheka walikuja kutazama. Fundi wa magari naye alikuja, mikono kiunoni.

"Mama mkubwa, hicho ni chombo cha mbio au godoro?"

"Sogea, unanizibia mwanga," alisema mama mkwe. "Na kwa tumbo hilo, baba, kama wangempima mwendeshaji ungekuwa hapa nasi tuliozidi."

Kicheko sasa kilimwangukia yeye. Akasogea.

Saa tano na dakika thelathini na tano waliirudisha kwenye mizani. Namba zikapanda, zikayumba.

Sitini, nukta, sifuri tano.

"Gawio moja!" Mkaguzi alishika kichwa. "Mwalimu, gramu hamsini tu, alama moja ya mizani! Hata upepo unatosha!"

"Hakuna upepo," Bwana Gramu akasema. "Andika."

Aliandika. Mama Saini alisimama, jasho limemchora mistari ya vumbi usoni, na safari hii hakupandisha sauti. "Nini kimebaki humo ndani kisichokuwa na kazi?" aliuliza. "Umeiunda mwenyewe, Fundi. Niambie."

Alikizunguka chombo chote. Hakikuwa na mafuta mwilini: hakuna taa, hakuna kibati cha matope, kiti ni ubao na kitambaa. Kisha akaona vifungo viwili vya chuma vya mikanda, viking'aa ubavuni mwa betri. Gramu hamsini kila kimoja. Vilikuwapo ili mkanda ufunguliwe, mzigo ushushwe, mkanda ufungwe tena, nyumba hadi nyumba.

"Vifungo," alisema. "Lakini tukivitoa, mama ashone ncha moja kwa moja, betri haitoki tena mpaka mikanda ikatwe kwa kisu."

"Kwani inakwenda wapi?" aliuliza Mama Saini.

Wakavikata. Zilibaki dakika ishirini, na mishono ilikuwa minne, kila mmoja wa kwenda na kurudi mara tatu. Mama mkwe alichomwa na sindano kidoleni. Midomo ikamcheza.

"Sema tu, mama," Bwana Gramu akamwambia kwa upole. "Tuko uani."

Akasema. Lilikuwa neno ambalo mkwe wake, pamoja na bweni lake lote, hakuwa amewahi kulisikia. Bwana Gramu akapitisha uzi mwingine bila kuinua uso, lakini masikio yalimwaka moto.

Ilipofika dakika mbili kabla ya saa sita, mkaguzi alishika wavu ule wa mikanda kwa mikono yote miwili, kama sheria ilivyomtaka, akavuta. Betri haikusogea. Akavuta juu kwa nguvu mpaka chombo chote kikainuka kutoka ardhini, kikaning'inia kwenye mishono ya mwanamke asiyeona tundu la sindano. Akakishusha taratibu juu ya jukwaa, akarudi nyuma, na safari hii hakuna aliyetazama kitu kingine.

Hamsini na tisa, nukta, tisa tano.

Mkaguzi aliinua kalamu, kisha akaishusha. "Mwalimu, niandike ninachokiona?"

"Andika, na ukisome kwa sauti," Bwana Gramu akasema. Halafu akasema, "Samahani, mama, natoka kidogo," akaenda nyuma ya turubai, akakaa huko, na safari hii hakuna laana iliyosikika.

*

Saa nane Mama Saini alikuwa kwenye mstari. Vyombo kumi na kimoja vilisimama kimya, kwa sababu vya umeme havingurumi vikingoja. Kilichosikika ni watu wakimeza mate. Bendera ikaanguka.

Alizunguka mara kumi na mbili. Kila alipoingia kwenye kona kali ya upande wa kushoto, mumewe alitazama betri tu, wala hakujua nani yuko mbele ya nani. Haikutikisika. Katika mzunguko wa mwisho alikuwa wa pili, gurudumu lake la mbele likilamba la nyuma la fundi wa magari, na hivyo ndivyo walivyovuka: yeye wa pili, kwa urefu wa tairi.

Fundi wa magari alivua kofia ngumu, akabaki ameegemea usukani akihema. "Mama," alisema, "ungepata mzunguko mmoja zaidi ungenitoa roho."

"Sina mwaka mwingine wa kukutoa," Mama Saini akajibu. "Kwa hiyo kaa nayo vizuri." Lakini alikuwa akicheka, na hakuacha kucheka hadi alipofika kwa watu wake.

Jioni, sebuleni, Bwana Gramu alichukua kitambaa chenye maji, akafuta mstari mmoja ukutani, ule wa betri na kapu lake. Mahali pake akaandika mistari miwili. *Betri, 17.40. Kapu, 0.90.* Kisha akajumlisha upya hadi chini, akaipigia jumla mpya mstari mara mbili, ingawa hakukuwa tena na haja ya jumla ile.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na kadi ya upimaji aliyopewa na mkaguzi: namba tatu, moja chini ya nyingine, hakuna iliyofutwa. Akaiweka mezani mbele ya mumewe, akachomoa kalamu nyuma ya sikio.

"Hiki nini?"

"Mzigo umefika," alisema Mama Saini. "Saini hapa."

Bwana Gramu alivaa miwani, akazisoma namba zote tatu kuanzia ya kwanza, akatia saini.